Kidonda cha moto kinafunga kwa asali lakini vidole vya mtoto havinyooki: usisubiri akue

Dada yangu wa Urambo, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mwanao ana mwaka mmoja na nusu, alitumbukiza mkono kwenye uji wa moto, sasa ni wiki ya nne. Mmekuwa mkimpaka asali, kidonda kiganjani kimebaki kidogo tu, lakini vidole viwili vimejikunja na mkijaribu kuvinyoosha analia. Bibi yake anasema mwacheni, akikua vitanyooka vyenyewe. Unauliza kama ni kweli.

Si kweli, dada. Nami niliambiwa hivyohivyo, nikakubali, na aliyeteseka ni binti yangu.

Ilikuwa 2016, tukikaa Isevya hapa Tabora mjini. Jiko la mkaa lilikuwa chini uani, maji ya ugali yanatokota. Binti yangu, miaka miwili na kidogo, alikimbilia kuku, akajikwaa, sufuria ikamwagikia mkono wa kushoto kuanzia juu ya kiwiko kushuka chini. Majirani walifika haraka na kila mtu na chake: mmoja yai bichi, mwingine dawa ya meno. Maji ya kawaida yalikuwa kwenye ndoo palepale na hakuna aliyeyagusa. Nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma uzi huu: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, yanayotiririka, kwa dakika 20. Hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia.

Baba yangu ni mrina asali wa Sikonge. Nimekua nikimwona akipandisha mizinga ya magogo kwenye miyombo, na kwetu Wanyamwezi asali haikosi ndani kwa ajili ya kifua na vidonda. Alileta dumu, tukaanza kupaka. Sitaisema vibaya asali, kwa sababu baadaye nilisoma sana na nikakuta wazee hawakuwa wanabahatisha. Asali ina sukari nyingi mno na maji machache, kwa hiyo inayanyonya maji ya bakteria. Ina uchachu ambao bakteria wengi hawaupendi, na kimeng'enya walichoweka nyuki wenyewe huzalisha haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu, kidogokidogo ikikutana na majimaji ya kidonda. Mwaka 2015 watafiti walikusanya majaribio 26 yenye wagonjwa zaidi ya 3,000 wa vidonda vya aina mbalimbali. Kwenye majeraha ya moto yasiyokwenda chini sana, yaliyofungwa kwa asali yalipona siku nne hadi tano mapema kuliko yaliyofungwa kwa vifungio vya kawaida. Ila asali ya hospitali huuawa vijidudu kwa mionzi, maana asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria hatari, na ukiichemsha kuua mbegu hizo unakiua na kile kimeng'enya. Ya dumu ni nzuri mezani. Kwenye kidonda cha mtoto, hapana.

Kuna jambo jingine ambalo asali inalifanya na sisi wengi tunalikosea: inakifanya kidonda kiwe na unyevu. Tumezoea kusema kidonda kiachwe kipate hewa, kikauke, kifanye gaga. Mwaka 1962 Mwingereza George Winter aliwatia nguruwe wadogo vidonda vya juujuu, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa karatasi ya plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili, kwa sababu seli za ngozi hutambaa kwenye unyevu, na zikikuta gaga kavu inabidi zipite chini yake. Karibu kila kifungio cha kisasa cha vidonda kimetokana na wazo hilo.

Sasa kosa langu. Majaribio yale yanapima siku za kidonda kufunga. Mimi nami nilikuwa napima hivyohivyo: kila asubuhi naangalia kidonda kimepungua kiasi gani. Mkono wenyewe sikuuangalia. Cha binti yangu kilifunga baada ya wiki sita, na pale zahanati tulipopita wakasema kimepona, nendeni nyumbani. Tulichinja kuku.

Siku ya Idi mama yake alikuwa anamvalisha gauni jipya la mikono mirefu. Mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukaingia hadi kiwikoni, ukakwama. Mama yake akadhani ni mshono, akaugeuza, akajaribu tena, kisha akaacha na kuniita. Niliushika ule mkono. Kwenye kikunjo cha kiwiko kulikuwa na ukanda wa kovu umesimama kama kamba ya upinde, mgumu, unang'aa, na nilipouvuta mkono taratibu ule ukanda ukageuka mweupe. Mtoto hakulia. Alikuwa ameshazoea kwamba mkono wake unaishia pale.

Sababu yake inajulikana. Kidonda kikubwa mwili haukijazi ngozi tu, unakivuta kingo zikutane. Tangu 1971, mtafiti Giulio Gabbiani na wenzake kule Geneva walipozieleza, tunajua kuna seli ndani ya kidonda zenye nyuzi za kujikaza kama msuli. Mgongoni uvutaji huo hauna madhara makubwa. Kwenye kiwiko, shingo au kiganja, kinachovutwa ni kiungo. Na mtoto mwenye maumivu hukunja mkono kwa sababu kukunja ndiko kunakompa nafuu, basi kovu linaugandisha hivyohivyo. Watafiti wa Marekani mwaka 1983 waliona kwamba sehemu zilizochelewa kupona zaidi ya siku 21, asilimia 78 zilitoa kovu nene lililovimba. Ndiyo maana mabingwa wa majeraha ya moto, wakifuata njia ya daktari wa upasuaji Zora Janžekovič wa Maribor, Slovenia, aliyeiandika 1970, kidonda kilichoingia ndani sana hawakisubiri: hukata ngozi iliyokufa siku za mwanzo na kupandikiza nyingine. Wiki zangu sita za asali zilikuwa wiki za kumpeleka mtoto kwa daktari wa upasuaji.

Tulikwenda Mwanza akiwa na miaka mitatu na nusu. Akapewa nusu kaputi, kovu likakatwa mkono ukanyooka, na lile pengo lililobaki likafunikwa kwa ngozi nyembamba iliyochunwa pajani. Daktari alinieleza kwa utulivu ambao sitausahau. Ngozi hiyo siku mbili za kwanza haina mishipa, inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kama mche uliong'olewa, kisha mishipa midogo inaungana. Damu ikijikusanya chini yake, au ikisogea, inakufa. Kwa hiyo mkono ulifungwa bandeji nene na banzi, na sisi tukaambiwa kazi yetu ni kuhakikisha hautikisiki. Siku ya tano walipofungua nilikuwa nimesimama mlangoni. Nesi alimwagia maji ya chumvi gozi ilegee, akaibandua polepole mno, na chini yake ngozi ilikuwa na rangi ya waridi, imeshika. Paja ndilo lililomuuma zaidi, wiki mbili nzima.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Banzi kila usiku kwa miezi mingi, kukanda kovu kwa vaseline, kunyoosha mkono asubuhi na jioni huku analia na mimi nimekaza moyo. Ngozi nyembamba iliyopandikizwa nayo husinyaa, na kovu halikui kwa kasi ya mfupa. Alipofika miaka saba lilianza kuvuta tena, tukarudi kwenye mazoezi. Leo anabeba ndoo kwa mikono yote miwili.

Wewe dada, una nafasi ambayo mimi niliipoteza. Wiki ya nne kovu bado changa, mara nyingi linasikia banzi na mazoezi. Usivinyooshe kwa nguvu mwenyewe. Asali iache. Kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, weka gozi yenye vaseline, na kila kidole ukifunge peke yake, maana vidonda vya vidole vinavyogusana hushikana vikapona vimeungana. Kesho nenda hospitali ya wilaya na kadi ya kliniki, waangalie na chanjo ya pepopunda. Usiseme "kidonda kinaendelea vizuri", watakurudisha. Sema: "Vidole vinajikunja, naomba banzi, mtaalamu wa mazoezi tiba, na rufaa kwa daktari wa upasuaji rekebishi." Wakisema anahitaji kupandikizwa ngozi usiogope. Kwa vidole vya watoto mara nyingi huchukua kipande kidogo cha ngozi nzima, yaani yenye unene wake wote, kwenye kinena na kushona palipotolewa, na ngozi nzima husinyaa kidogo kuliko ile nyembamba.

Bibi yake mwambie kwa heshima, amemlea kwa alichokuwa nacho. Ukitoka hospitali andika hapahapa walichokuambia. Kama ni rufaa ya Mwanza, nitakueleza tulivyosafiri na mtoto na mahali tulipofikia.