Bei Zimeshuka Malindi: Ninunue Nyumba ya Likizo au Niendelee Kukodi?

SWALI: Hujambo dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nakuru. Kila Agosti na Disemba mimi na familia huteremka Malindi tukakodi nyumba kwa shilingi 15,000 kwa usiku, jumla kama siku kumi na nne kwa mwaka. Safari hii mlinzi alinipeleka kuona nyumba ya jirani, mali ya mzee wa Kiitaliano: vyumba vinne, kidimbwi cha kuogelea, paa la makuti, bahari iko hatua chache. Mzee alianza kwa kutaka milioni 18, sasa anakubali 11. Nimeuza ploti, nikiongeza kiinua mgongo zinatosha bila mkopo. Kwa sasa pesa hizo ziko kwenye sacco iliyotulipa asilimia kumi mwaka jana. Mke wangu asema tungoje. Dalali asema bei ikipanda nitajuta. Nifanyeje? — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, niko upande wa mkeo. Endeleeni kukodi.

Nasimamia nyumba za wageni Malindi na Watamu, na kazi hiyo ndiyo imenifunza kuuliza swali moja kabla ya yote: nyumba hii imekaa sokoni muda gani? Kama imeteremka kutoka 18 hadi 11, basi kuna watu walioiona kwa 16, kwa 14, kwa 12, wakaenda zao. Dalali anakueleza jinsi ya kuingia. Mimi nataka ufikirie utakavyotoka. Ukiugua, au mtoto akipata nafasi ya masomo ng'ambo, utataka pesa zako, nawe utakuwa umeketi kwenye baraza ileile ukingoja mnunuzi kama anavyongoja mzee huyo leo.

Tupige hesabu. Nyumba ya vyumba vinne yenye kidimbwi, hata ikiwa imefungwa na hakuna anayelala ndani, haishuki chini ya shilingi 60,000 kwa mwezi: mlinzi wa mchana na wa usiku, mtu wa bustani, dawa za kidimbwi, stima ya pampu, maji. Hizo ni 720,000 kwa mwaka. Ongeza milioni 1.1 ambazo sacco ingekulipa kwa zile milioni 11. Tayari ni zaidi ya milioni 1.8 kila mwaka, na sijagusa matengenezo wala kodi ya kaunti. Kukodi kwenu kunawagharimu 210,000. Kwa pesa ambazo nyumba hiyo ingekula, mngeweza kukodi siku mia moja na ishirini kila mwaka, na bomba likipasuka usiku anayeamshwa ni mwenye nyumba.

Siku ya kununua kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini. Kwa milioni 11 ni 440,000. Kuna wakili, kuna mpima ardhi. Na siku ukiuza kwa faida, serikali inachukua asilimia 15 ya faida hiyo. Kabla ya 2023 ilikuwa 5.

Utaniambia, si nitaikodisha kwa wageni nisipokuwepo? Kila mwenye nyumba ya namna hiyo amewaza hivyohivyo, ndiyo maana Agosti hii ulipata nyumba kwa bei nzuri. Utahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na ya kaunti, na mtu mwaminifu wa kupokea wageni, kufua mashuka na kulipwa kwa hilo. Tena siku utakazopata wageni kwa urahisi ni zile za Disemba na Pasaka, na Disemba ninyi wenyewe mnaitaka.

Ni vyema ujue pia kwa nini bei zimelala. Waitaliano waliizoea Malindi tangu miaka ya 1960, nchi yao ilipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni cha kurusha setilaiti. Baadaye wakaja watalii, wakajenga, wakaleta rafiki zao wakajenga pia. Wengi wa ninaowajua sasa ni wazee, na watoto wao hawaji. Juu ya hayo pwani imepigwa mara kwa mara: Mei 2014 Uingereza ilionya raia wake dhidi ya safari za Mombasa na watalii wakarudishwa kwao likizo haijaisha, mwezi uliofuata Mpeketoni kule Lamu ikashambuliwa, na Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimama hadi Agosti. Kila mara kuna waliochoka wakaamua kuuza, na wakauza kwa wakati mmoja. Kwa Mkenya, mkopo wa nyumba ni wa wachache mno, na nyumba ya likizo ndiyo ya mwisho benki kuifikiria. Kwa hiyo mnunuzi wa Malindi ni mtu wa pesa taslimu, na hao wanahesabika. Sioni mafuriko ya wanunuzi yatakayokupita ukingoja miaka miwili.

Najua hata hivyo moyo ukishapenda nyumba hausikii hesabu. Basi nikueleze cha kutazama.

Kwanza, unauziwa nini hasa? Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99. Hata aliyekuwa na miliki ya kudumu, siku ile tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilika ikawa miaka 99. Mzee huyo anakuuzia miaka iliyobaki, na ni lazima wakili wako akuhesabie imebaki mingapi na kama kodi ya ardhi imelipwa. Hati nyingi za zamani za Malindi, zile zenye namba ya C.R., kumbukumbu zake ziko ofisi ya ardhi ya Mombasa. Mtume wakili afanye upekuzi huko mwenyewe. Usipokee karatasi ya upekuzi kutoka mkononi mwa dalali, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Pili, na hapa nakuomba unisikilize sana: nyumba nyingi za watu wa nchi za nje zimeandikwa kwa jina la kampuni. Utaambiwa, "Usihangaike na ushuru mkubwa, chukua hisa za kampuni tu, nyumba inakuja nazo." Ni kweli inakuja, pamoja na kila deni la kampuni hiyo: kodi ambazo hazijalipwa KRA, kesi, mikopo. Nimeona familia iliyonunua kwa njia hiyo ikaletewa barua za madeni ya miaka ambayo hawakuwahi kukanyaga Malindi. Kama ni kampuni, sharti nyumba ihamishwe kwa jina lako, au uache.

Tatu, wafanyakazi. Huyo mlinzi, mpishi na mtunza bustani huenda wamefanya kazi hapo miaka mingi. Muulize muuzaji mbele ya wakili: stahili zao zimelipwa? Liandikwe kwenye mkataba kwamba atawalipa kabla ya kukabidhi, na ikibidi wakili azuie sehemu ya bei mpaka walipwe. Mara nyingi wenye nyumba hupanda ndege wakawaachia mnunuzi mpya watu wenye haki yao na wasio na pa kuidai. Si haki kwao, na kwako ni kesi.

Halafu panda juu ya paa, au mpandishe fundi. Makuti kutoka chini huonekana mazuri wakati juu yameoza. Ingiza mkono kwenye matabaka: yakivunjikavunjika kama majani makavu ya chai, unanunua nyumba inayohitaji paa jipya mwaka huu. Hata yakiwa mazima, baada ya miaka michache utayaezeka upya, na kampuni za bima huyaogopa kwa ajili ya moto. Chokoa boriti kwa kisu karibu na ukuta, ndipo mchwa huanzia. Tazama mashine ya baridi upande wa nyuma unaoelekea bahari. Chumvi ikiwa imeshakula chuma, huenda imekula na nondo za ndani ya zege pia, na hapo utaona nyufa za rangi ya kutu kwenye nguzo. Onja maji ya kisima. Maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika, na hukatika, kisima ndicho utakachokitegemea, na karibu na bahari vingi vina chumvi.

Ushauri wangu basi. Mwambie mzee, kwa heshima, kwamba unataka kuikodi hiyo nyumba yake mwezi mzima wa Mei au Juni. Msimu huo hana mgeni na atakupa kwa bei ambayo Disemba hutaisikia. Kaa ndani wakati wa masika, kusi inavuma, mwani umejaa ufuoni, mto Sabaki umejaa na bahari ya Malindi imegeuka rangi ya udongo, nusu ya mikahawa imefungwa. Uone paa linavuja wapi, stima inakatika mara ngapi, jirani ni nani. Mkeo akipenda kuishi hapo hata Juni, na mkiamua kuhamia pwani moja kwa moja badala ya kuja wiki mbili, hesabu yangu yote ya juu inabadilika na nitakuwa wa kwanza kuwatafutia wakili. Ila hata hapo anza na milioni 9.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Mombasa, nafanya kazi Doha. Nataka mahali pangu pa kufikia nikija Idd na watoto. Nimeoneshwa nyumba ya vyumba sita Majengo, bei yake ni chini ya nusu ya nilizoziona kwingine. Wanasema bei zimeanguka. Muuzaji amesema ni nyumba bila shamba. Nilipe amana? — Abu Sumaiya, Doha

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Bei ya nyumba hiyo haijaanguka, ndivyo ilivyo siku zote. Nyumba bila shamba maana yake unanunua kuta, milango na mabati, ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi utamlipa kodi ya ardhi. Wazee wetu wengi wa Mombasa wamejenga na kulea watoto hivyo, na mahali ambapo mwenye shamba na mwenye nyumba wanaheshimiana huenda bila matata. Lakini huna hati utakayoiweka benki, na warithi wa mwenye shamba wakiuza kwa mtu wa maghorofa, wewe uliye Doha utapata habari kwa simu. Usilipe chochote bado. Muulize mamako au mjomba wako aende akamjue mwenye shamba ni nani, kama yu hai, kama ni wakfu, na risiti za kodi zinaandikwa kwa jina la nani. Kwa mapumziko ya wiki tatu kwa mwaka, kodi nyumba karibu na wazazi. Ukitaka kununua, weka pesa hiyohiyo kando mpaka itoshe ploti ndogo yenye hati kwa jina lako.

SWALI: Dada, nimepata nyumba Diani ya Disemba kwa nusu ya bei. Mwenyewe anataka nimtumie pesa zote kwa simu leo, kuna mtu mwingine anaitaka. Nifanye haraka? — Mama Kevo, Thika

JIBU: Usitume, mama. Mwambie akupigie kwa video akiwa getini, atembee mpaka jikoni, afungue bomba, kisha atoke akuoneshe barabara. Aliye na nyumba hafichi geti. Wenye nyumba halali wengi Diani hukubali sehemu ya malipo kwanza, salio ukifika. Na ikiwa kweli kuna mtu mwingine anayeitaka, mwache aichukue; nyumba za kukodi Diani bado zipo.