Fundi Anajibu: Stelingi ya MG ya babu nzito, raki au kingpini?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Tanga mjini, Chuda. Babu yetu alifanya kazi shamba la mkonge upande wa Muheza, bosi wake alivyorudi Uingereza akamwachia MGB ya 1967, ile ya milango miwili ya kufunua juu. Imekaa bandani Raskazone miaka na miaka, mwaka jana tumeifufua na injini inanguruma vizuri tu, shida stelingi. Nzito balaa, nikipaki Ngamiani jasho linanitoka vijana wa baiskeli wanasimama kunicheka. Stelingi ya zamani ilikuwa kubwa imepasuka nikaweka ndogo ya mashindano, na tairi nimeongeza upana kidogo. Fundi mmoja anasema raki, ile gia ndefu ya chini inayosukuma tairi kulia na kushoto, imekufa tununue mpya, mwingine anasema tufunge pawa stelingi ya Corolla. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wote wawili wametaja bei kabla hawajashika jeki, na mimi siwalaumu sana maana nishawahi kununua raki nzima kwa hela yangu nikaifunga siku nzima, jioni stelingi ikawa nzito vilevile. Raki ile ya zamani ilikuwa haina kosa.

Pawa stelingi sahau. MGB haifiki tani moja, na kutoka kona ya mwisho kulia mpaka ya mwisho kushoto stelingi inazunguka mara 2.9 hivi, yaani gia yake ni ya haraka, kwaiyo ikiwa imesimama lazima uisikie mkononi. Alafu wewe mwenyewe umejiongezea mzigo, stelingi ndogo ni sawa na kufungua nati iliyokaza kwa spana fupi, na tairi pana zinashika lami zaidi. Pima na upepo. Kitabu cha gari kinasema tairi za mbele 21, mi naona ni kidogo, weka 26 uone kama kuna nafuu.

Ila swali langu kubwa ni hili: ukikata kona ukaanza kutoka, ukilegeza mikono stelingi inarudi yenyewe katikati au inabaki palepale ulipoiacha? Watu wa Tanga baiskeli mnazijua kuliko mimi, ile foku ya mbele imelala kwa nyuma ndo maana mtu anaachia mikono na baiskeli inaenda. MGB nayo kingpini zake, zile pini za chuma ambazo tairi za mbele zinageukia, zimelazwa hivyohivyo, digrii 7, ni nyingi, na ndo sababu moja ya stelingi kuwa nzito hata gari ikiwa mpya, lakini pia ndo inayoirudisha kwa nguvu baada ya kona. Kama inarudi vizuri, tatizo lako ni tairi na hiyo stelingi ndogo basi. Kama hairudi kuna kitu kimeishika.

Sasa nyanyua mbele, tairi zote mbili hewani, gari ikae kwenye stendi sio jeki peke yake tafadhali. Zungusha stelingi. Ikiwa laini, rudi kwenye tairi na upepo. Ikiwa bado nzito toa tairodi zote mbili, vile vyuma vinavyotoka kwenye raki kwenda kwenye tairi, kwenye mikono yake (usizizungushe kwenye uzi wake, utaharibu alaimenti), alafu sukuma kila tairi kwa mkono, kushoto kivyake kulia kivyake, kisha zungusha stelingi ikiwa na raki peke yake. Ukiona inakaza sehemu moja inalegea sehemu nyingine kila mzunguko, shuku ile krosi ndogo inayounganisha kolamu, ile fimbo ya stelingi, na raki, hiyo hewa ya bahari ya Raskazone inaipenda sana. Niandikie umeona nini.

AKAANDIKA TENA: Fundi nimefanya ulivyosema. Barabarani hairudi, nikitoka kona naivuta mwenyewe. Ikiwa juu ya stendi bado nzito. Nimetoa tairodi, raki inateleza kama siagi, tairi ya kushoto naisukuma kwa vidole viwili, ya kulia lazima nikae chini niisukume na mguu.

JIBU: Basi hela ya raki kaa nayo. Ni kingpini ya kulia, imekauka. Kila upande una nipeli tatu za grisi, hesabu zote tatu kwasababu watu wanaionaga moja wanapiga wanaondoka. Kwako nahisi zimezibwa na rangi au grisi ya zamani iliyogeuka jiwe. Zisafishe, gari ikiwa bado hewani maana uzito ukishakaa juu ya kingpini grisi haipati pa kupita, piga pampu mpaka ile nyeusi itoke ije mpya. Nipeli ikigoma ifungue uweke nyingine, ni vitu vya bei ndogo. Kama grisi haipiti kabisa mimina mafuta ya kulegeza kutu, sukuma tairi kulia kushoto, acha ilale, kesho tena. Mimi nishafanya hivyo siku nne mfululizo ndo ikakubali. Na ya kushoto ipige pia hata kama ni laini.

Ikikataa ifunguliwe, na hapa usikubali haraka haraka. Kwanza jeki ikae chini ya sahani ya springi kabla hata nati moja haijaguswa, springi ile ikiruka inaua. Pili bushi mpya zikishagongwa ndani lazima zichongwe zilingane na kingpini, mpelekee fundi wa kerezo mwenye rima, kile kichongeo cha tundu, ya kipimo hicho, asitumie msasa. Tatu kuna washa inachaguliwa kwa unene, ikiwa nene sana inabana, ikiwa nyembamba tairi inacheza juu chini. Nimeona kingpini mpya kabisa iliyofungwa bila kupima ikawa nzito kuliko ya zamani iliyokauka, na mwenye gari akaambiwa ati itazoea!

SWALI: Mimi nina Triumph Spitfire, niko Bagamoyo. Na mimi nipige grisi kule chini kwenye trunioni, kile kiungo cha chini ambacho tairi ya mbele inageukia?

JIBU: Hapana, wewe ni oili nzito ya gia, ya 90. Trunioni ya Spitfire ni shaba yenye uzi ndani, grisi inaganda humo, uzi unakauka na kuliwa na kutu, na ikikatika tairi inalala barabarani.