Andiko la mradi lisilojua bamvua

Halmashauri, chuo au kikundi cha Lindi au Mtwara kikialikwa na chuo cha Ulaya kwenye utafiti wa kurudisha mikoko na kupunguza mafuriko mjini, watu hukimbilia kuuliza fungu ni kiasi gani. Ulizeni kwanza mmeandikwa kama nani.

Kwenye Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, taasisi ya Tanzania inaruhusiwa kuwa mbia kamili anayelipwa. Mbia kamili hujisajili, hupewa namba ya tarakimu tisa, na juu ya gharama za moja kwa moja huongezewa asilimia 25 ya uendeshaji: umeme, ofisi, mhasibu. Mkiingizwa kama mkandarasi wa kazi fulani, asilimia hiyo hamuioni, na matokeo kwa kawaida hubaki kwa aliyewalipa. Andiko likishawasilishwa, kubadilisha nafasi hiyo ni shida.

Vibali vianze mapema. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ambacho hakitoki bila mtafiti mwenza Mtanzania, halafu kibali cha ukaazi daraja C. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, nao wahusishwe kabla mtu hajashika jembe. Majina na majibu ya kaya mnazohoji yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Msiyatume nje kwa barua pepe tu.

Kinachoumiza zaidi ni kalenda. Huku kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mradi wa miaka mitatu ukianza Januari na kibali kikatoka Aprili, theluthi ya vipimo vya mafuriko imekwenda. Wala msing'oe vipimo Aprili: kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024.

Sasa upandaji. Kosa la kila mara ni kuchomeka mbegu ndefu za mkoko kwenye tope tupu upande wa bahari, kwa kuwa zinaokoteka kirahisi na picha hutoka nzuri. Upande ule kwa asili ni wa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko. Mche wa mkoko uliowekwa chini mno hushinda majini, shina hujaa viumbe vya gamba, unaelemewa na kuanguka. Dawa yake ni rahisi: chukueni magongo mawili yenye alama kila sentimita 10. Moja lisimame kwenye mikoko hai iliyo jirani, jingine pale mnapotaka kupanda. Someni yote mawili maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, bahari inapojaa zaidi, na tena siku za maji mafu, inapojaa kidogo. Kina kikizidi upande wenu, msipande hapo.

Tena ulizeni mikoko ilikwenda wapi. Kama tuta la shamba la chumvi au la barabara limezuia maji, kufungua kalavati moja huenda kukatosha. Mbegu zitaletwa na maji yenyewe. Wafadhili hawapendi jibu hili, halina idadi ya miche.

Mkilazimika kupanda, nafasi ya mita moja kwa moja ni miche 10,000 kwa hekta. Mita moja na nusu ni kama 4,400. Mbegu iingie tope theluthi yake. Wekeni posho ya kuhesabu miche hai mwezi wa 3, 6, 12 na 24, maana idadi iliyopandwa pekee haisemi kitu.

Mitaro ya mjini nayo hujaa mchanga, na mradi ukiisha hakuna wa kuuzoa. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la usafishaji lipitie kikao cha mtaa na kata mradi ungali hai. Na ofisi ya mipango miji ikabidhiwe vipimo ghafi pamoja na mahali kila kimoja kilipochukuliwa. Ripoti ya Kiingereza ya kurasa 80 haitamsaidia fundi wa mtaro.