Namba ya kipande si namba ya ndege

SWALI: Nina kipande cha bawa la Spitfire (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili) kilichogongwa namba inayoanza na 300. Ndiyo namba ya ndege?

JIBU: Hapana, ni namba ya mchoro wa kiwandani. 300 ni Mk I (Mk ni toleo la ndege), 349 ni Mk V, 361 ni Mk IX. Wengi huteleza hapa: sehemu isiyobadilishwa ilibaki na 300 hata kwenye Mk IX. Kwa hiyo osha vipande vyote ulivyonavyo kwa maji ya sabuni, kamwe si msasa, utafute 349 au 361, zinazoonyesha toleo la baadaye.

Namba ya ndege, mfano P7350, ilipakwa rangi ubavuni karibu na mkia. Ukiipata, omba Fomu 78 (kadi ya kumbukumbu za ndege) RAF Museum, makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, London: inaonyesha vikosi na tarehe. Majina ya marubani yamo kwenye Fomu 541 (kumbukumbu za safari za kikosi), mafaili ya AIR 27, National Archives (Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa), Kew, London.