Dawa Ina Tarehe, Soko Halina: Kuuza Shaba na Malakiti kwa Ajili ya Insulini

Kabla ya kununua hata ushanga mmoja, chukua kalamu uandike dawa inakula kiasi gani. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanzia upande wa pili: nitengeneze nini, niuze wapi, wageni wa migodini wanapenda rangi gani. Hayo yatakuja. Mimi nauza vidani vya malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, na bangili za shaba hapa Lubumbashi, Kongo, na pesa ya kwanza inayotoka humo ni ya mdogo wangu mwenye ugonjwa wa sukari, ile aina ya kwanza. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo hakuna mwezi ambao tutasema tuuruke. Meza yangu inaweza kukaa siku nyingi bila mteja wa maana. Sindano yake haiwezi.

Tuanze na kichupa. Cha kawaida kina mililita 10, kila mililita uniti 100, jumla uniti 1000. Anayechoma uniti 50 kwa siku anakimaliza kwa siku 20, basi asipange matumizi yake kwa mwezi, apange kwa siku 20. Anayechoma 25 kingempeleka siku 40, lakini aina nyingi zikishafunguliwa hutumika kwa wiki nne hivi tu, kinachobaki kinatupwa. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako. Ongeza mabomba ya sindano, ongeza vijikaratasi vya kupimia damu (hivyo ndivyo watu husahau, na mara nyingi vinakula zaidi ya insulini yenyewe), ongeza taksibasi ya kwenda kliniki na kurudi. Sasa una namba.

Namba hiyo usiigawe kwa bei ya kidani. Igawe kwa kinachobaki. Tuseme matumizi ya mwezi ni dola 30 na kidani unauza dola 10. Jirani atakuambia, "Vidani vitatu tu, umemaliza!" Hapana. Shanga, uzi na kifungo vimekula dola 4, nauli na nafasi ya kuuzia vimekula 1. Umebaki na 5. Ni vidani sita. Ukiuza vitatu ukaenda moja kwa moja farmasi na zile 30, umenunua dawa kwa mtaji, na wiki inayofuata huna cha kuweka mezani. Nimeona kazi za mikono nyingi nzuri zikifa kwa njia hii, na wenyewe wakalaumu wateja.

Kanuni ninayoishika kuliko zote ni hii: siku ya kufungua kichupa ndiyo siku ya kununua kingine. Siyo siku cha kwanza kinapoisha. Ukiwa na kichupa kimoja kilichofungwa nyumbani, unauza ukiwa na muda. Usipokuwa nacho, unauza ukiwa na haraka, na mteja wa Lubumbashi anainusa haraka kutoka mbali. Atauliza, "Mama, bei ya mwisho ni ngapi?" halafu atasubiri tu. Akiondoka, unamwita. Ukishamwita, kidani cha dola 10 kimekuwa cha 6. Kupata kile kichupa cha ziada kwa mara ya kwanza ni kugumu, sikufichi. Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, inasaidia: omba zamu yako iwe ya mapema, na pesa yote ya zamu hiyo iende kwenye dawa ya akiba, siyo kwenye shanga.

Sasa kazi yenyewe. Malakiti yetu inatoka ukanda wa shaba, Kolwezi na Likasi, nayo ni jiwe laini; hukatwa na kung'arishwa bila mashine kubwa. Lakini vumbi lake lina shaba na si la kuvuta. Ukitaka kuchonga mwenyewe, chonga jiwe likiwa limelowa, ufunike pua na mdomo, na usifanyie kazi hiyo chumba wanacholala watoto. Mimi nanunua shanga zilizokwisha kutobolewa kwa wachongaji, nabaki na kupanga na kutunga. Faida inapungua kidogo, ila nyumba yenye mgonjwa mmoja haihitaji wa pili.

Jifunze kumwonyesha mteja jiwe la kweli. Malakiti halisi ni nzito, na ukiigusisha shavuni ni baridi. Ile ya plastiki ni nyepesi, inashika joto haraka, na mistari yake imefanana mno. Mwambie pia asiioshe kwa limau wala siki, na asipulizie manukato juu yake, maana itapoteza mng'ao. Shaba ni kinyume: limau na chumvi ndiyo sabuni yake. Ukimuuzia mtu bangili na kidani pamoja bila kumweleza tofauti hiyo, atavisugua vyote kwa limau, kisha atarudi na maneno.

Waya wa shaba ununue mahali unapoweza kurudi kuuliza. Nyaya za umeme zinaibwa katika mji huu, zinakatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, na bei yake inavutia. Zaidi ya kuogopa polisi, fikiria kwamba ule waya huenda ndio uliokuwa ukileta umeme kwenye friji yenye insulini ya mtoto wa mtu.

Kuna swali ninaloulizwa sana: nimwambie mteja kwamba pesa ni ya dawa? Kwa wageni, mimi siwaambii. Sisemi ni dhambi. Ila anayenunua kwa huruma ananunua mara moja, anavaa mara moja, na akikuona tena anapita upande mwingine wa barabara kwa sababu anadhani utamwomba. Anayenunua kwa sababu kidani ni kizuri anarudi na dada yake. Halafu kuna mdogo wangu mwenyewe. Anaenda shule, ana marafiki, na aliniambia wazi, "Yaya," yaani dada, "usinitembeze sokoni." Ugonjwa ni wake, ruhusa ya kuutangaza ni yake pia. Watu wa karibu ni hadithi nyingine. Mama wa kanisani, mwalimu wake, mwenye friji jirani, hao lazima wajue, tena wajue na dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Na wajue kwamba akiwa hivyo na bado anaweza kumeza, anapewa kitu chenye sukari papo hapo.

Jambo lingine la mezani. Wateja wengi wanaamini bangili ya shaba inaponya maumivu ya viungo. Wanakuuliza wakitaka tu uitikie ndiyo. Usiitikie. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa viungo hayakuona bangili ya shaba ikishinda bangili ya kawaida. Sema ni pambo, sema inaweza kuacha alama ya kijani mkononi na kwamba inatoka kwa maji na sabuni. Wewe unayehangaika kutafuta dawa ya kweli utamuuziaje mwenzako ya uongo? Nimepoteza mauzo kadhaa hapo, na nitapoteza mengine.

Mahali pa kuuzia, sina siri. Mlango wa hoteli ni mzuri ukikubaliana na walinzi kabla. Usiku wa maonyesho pale Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, na msimu wa Biennale ya Lubumbashi, yale maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, watu wanakuja wakiwa tayari kutazama kazi za mikono. Mwisho wa mwezi, watu wakishalipwa, ndio wakati wa bangili ndogo za bei ndogo. Kiangazi kina sherehe nyingi, masika meza inalowa. Kwa hiyo akiba ya masika inajengwa Julai na Agosti.

Upokeapo dola, igeuze noti mbele na nyuma mteja akiwa bado amesimama. Iliyochanika hata kidogo pembeni, farmasi itaikataa, na mwenye kubadilisha pesa ataipunguza thamani. Ukiuza kwa franka, badilisha mapema sehemu ya dawa, kwa sababu insulini inaagizwa nje na bei yake inafuata dola. Pesa ya dawa iwe na namba yake ya simu, tofauti na ile unayolipia shanga. Simu mbili ni usumbufu, lakini zinazuia mikono yako mwenyewe.

Kichupa kilichofungwa kinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, maana insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika, vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati, vinapunguza joto. Havifikii baridi ya friji, ila vinasaidia. Kiangazi hewa ikiwa kavu vinafanya kazi vizuri. Januari kwenye unyevu vinalegea, hapo ni bora kulipia nafasi kwenye friji ya jirani.

Na mwezi ukikataa kabisa? Usipunguze dozi ili kichupa kifike mbali. Nenda kliniki kikiwa bado na kitu ndani, mwambie nesi ukweli, uliza kama kuna programu ya kuwapa watoto na vijana insulini bure, maana zipo, na mara nyingi hakuna anayekuambia usipouliza. Uza akiba ya shanga, uza hata kidani chako cha shingoni. Akianza kunywa maji bila kukoma, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa kasi na pumzi yake kunuka kama matunda yaliyoiva mno, acha hesabu zote. Mpeleke hospitali usiku huohuo, pesa mtaizungumzia akiwa ndani.