Meni switchi kujizima mvua ikinyesha

Mkuu, umesema hapo kwako Mwanga meni switchi inajizima kila mvua ikinyesha, na juzi taa ziliwaka kali sana mpaka redio ikaungua. Mi naona hayo ni matatizo mawili tofauti usiyachanganye.

La kujizima, kama meni yako ni ile yenye kitufe cha T (cha kuijaribia) basi hiyo inanusa umeme unaovujia ardhini, nyingi zimewekwa milliampia 30 tu, kwa hiyo soketi ya nje ikilowa au waya wa taa ya uani umechunika inakata hapo hapo, na inafanya kazi yake aisee, fundi akikwambia airuke, yaani aunge waya umeme usipitie hapo, huyo mfukuze. Chomoa vitu vyote, shusha breka zote ndogo, pandisha meni halafu uanze kupandisha moja moja, itakayoizima ndo yenye waya wenye shida. Kwangu Ujiji ilikuwa jagi la umeme, tulihangaika wiki nzima bure!

La taa kung'aa ndo linanitisha zaidi. Mara nyingi ni nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea, pengine kule kwenye nguzo, badala ya volti 230 nyumba inaweza kupokea hadi karibu 400, ndo maana redio imekwenda. Kwa hiyo hili lianze kabla ya kupima hizo breka: sasa hivi zima meni, chomoa friji na tivii, piga simu emejensi ya Tanesco, wewe usipande nguzo wala usiguse mita. Halafu utuambie breka gani ilikuwa inazima.