Namba wiano na zisizo wiano: uliza kwanza namba imetoka wapi

Jumamosi moja mpwa wangu wa kidato cha kwanza alinijia hapa Nyakato, Mwanza, na daftari la hisabati, amenuna. Alitakiwa kutenganisha namba wiano, yaani zinazoweza kuandikwa kama sehemu ya namba nzima juu ya namba nzima, na zisizo wiano, akapata moja kati ya sita. "Mjomba, zenye nukta zote zinafanana."

Nilimwelewa. Sote tulifundishwa kutazama desimali: ikikatika au ikijirudia, ni wiano, ikiendelea milele bila kujirudia, si wiano. Kanuni hiyo ni ya kweli kabisa, ila kwa macho matupu mtoto hawezi kujua kama tarakimu zitajirudia mbele ya safari.

Nikampa hesabu ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Vijana 7 wameshusha magunia ya dagaa, wamelipwa shilingi 10,000 wagawane sawa. Kila mmoja anapata ngapi? Akabonyeza kalkuleta: 1428.571429. "Haijirudii. Si wiano."

Nikamwambia aiweke pembeni, agawanye kwa mkono, na kila baki aizungushie duara. Alipofika kwenye nukta alikuwa na baki 4. Zikafuata 5, 1, 3, 2, 6, kisha 4 tena. Kalamu ikasimama. "Imerudi!"

Na lazima irudi. Ukigawanya kwa 7, baki ni 0 hadi 6 tu. Ikija 0 umemaliza. Isipokuja, hazipiti hatua nyingi kabla baki ya zamani haijajitokeza tena, na tarakimu zake zinaifuata kwa mpangilio uleule: 571428, 571428. Ile 9 ya mwisho ni kalkuleta iliyokadiria kwa kukosa nafasi.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu, mzoeze mtoto kuuliza namba imetoka wapi kabla ya kutazama inavyoonekana. Imetokana na kugawanya namba nzima kwa namba nzima isiyo sifuri? Ni wiano, hata desimali yake iwe ndefu namna gani. Jina lenyewe linatokana na uwiano.

Vipeuo ni vyepesi zaidi. Kipeuo cha pili cha namba nzima ama ni namba nzima, kama cha 16 ambacho ni 4, ama si wiano, kama cha 2, 3 au 5. Alama ya kipeuo peke yake isimtishe.

Pai, ile namba ya hesabu za duara, ndiyo iliyoniumiza mimi. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kwamba ni wiano kwa sababu ni 22/7, nikakosa alama na hakuna aliyenieleza kwa nini. Leo namwandikia mtoto zote mbili, 22/7 juu na pai chini yake:

3.142857…
3.141592…

Tarakimu ya tatu baada ya nukta tayari zimeachana. 22/7 ni makadirio tunayotumia kurahisisha hesabu za duara. Pai yenyewe si wiano, na mwanahisabati Johann Lambert alilithibitisha hilo katika miaka ya 1760.

Akishaelewa hayo, mpe mbili hizi bila kalkuleta: kipeuo cha pili cha 0.25, na 0.1010010001… ambayo sifuri zinaongezeka moja kila mara. Ya kwanza ni 0.5, yaani nusu. Ya pili ina mpangilio unaoonekana wazi, lakini hakuna kipande kinachojirudia, kwa hiyo si wiano. Mpwa wangu alibishana nami kwa hiyo ya pili karibu nusu saa, na nilimwacha abishane.